Kuziba jino

Kuziba jino ni kujaza tundu lililobaki kwenye jino baada ya sehemu iliyooza au kuvunjika kuondolewa, ili jino liendelee kutafuna na uozo usipate njia ya kushuka ndani. Tiba nyingine za meno yaliyoharibika, yaani kutibu mzizi, kuvisha kofia, kuweka daraja au kupandikiza jino jipya, kwa sehemu kubwa huja pale kuziba kulipochelewa. Na Afrika Mashariki kuchelewa ni jambo la kawaida. Anayeaga nyumbani kuwa anakwenda kwa daktari wa meno mara nyingi anakwenda kung'oa: vituo vingi vilipata koleo na ganzi kabla ya kupata vifaa vya kuzibia, na wagonjwa nao wamezoea kusubiri mpaka jino liwanyime usingizi.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watu bilioni 2 duniani wana meno ya ukubwani yaliyooza, na watoto milioni 514 wana meno ya utotoni yaliyooza.

Jino linavyotoboka

Mitaani husemwa jino "limeliwa na mdudu". Imani hiyo ni ya kale. Mdudu wa jino anatajwa hata katika maandishi ya Babeli. Mwaka 1728 daktari Mfaransa Pierre Fauchard aliikataa hoja hiyo katika kitabu chake kikubwa cha udaktari wa meno. Viumbe wapo kweli, ila ni bakteria wanaoishi katika ukoga, ule utando unaonata juu ya meno. Wakipata sukari huigeuza asidi, na kinywa kikishuka chini ya pH 5.5 hivi, ganda la jino, yaani enameli, huanza kuyeyuka. Mate huirudisha hali ya kawaida baada ya muda, na ndiyo maana idadi ya mara mtu anazokula sukari kwa siku ina uzito kuliko kiasi chenyewe. Kikombe kimoja cha chai tamu kinachonywewa asubuhi nzima, funda baada ya funda, hulidhuru jino kuliko kile kilichonywewa mara moja.

Enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini seli zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza, kwa hiyo haioti upya kama mfupa uliovunjika. Chini yake kuna dentini, laini zaidi na yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, na katikati kuna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Uozo ukiwa bado ni doa jeupe juu ya enameli, floraidi ya dawa ya meno inaweza kuurudisha nyuma bila kuchonga chochote. Ukishafanya tundu, mswaki hausaidii tena peke yake.

Daktari huyasoma maumivu kabla ya kuchagua tiba. Jino linaloshtuka kwa maji baridi kisha likatulia mara moja, kiini chake kwa kawaida bado ni kizima na kuziba kunatosha. Linalouma lenyewe usiku, likidunda kama ngoma na kuacha maumivu hata baada ya chai ya moto kumezwa, kiini chake hakiponi tena. Kisha kuna siku ambayo maumivu hukatika ghafla. Mwenye jino hushukuru Mungu na kuahirisha safari ya kliniki, kumbe kiini kimekufa. Usaha huendelea kujikusanya kwenye ncha ya mzizi hadi shavu livimbe.

Vya kuzibia

Kwa zaidi ya karne moja na nusu kitu kikuu cha kuzibia kilikuwa amalgamu, ile rangi ya fedha inayoonekana mtu anapocheka. Takriban nusu ya uzito wake ni zebaki. Inayobaki ni unga wa fedha, bati na shaba. Ni ya bei nafuu, ngumu, na haisumbuki sana na mate wakati wa kuziba. Kasoro yake ni kwamba haishikani na jino. Hukaa kwa sababu tundu limechongwa liwe pana chini na jembamba juu, na kuchonga huko hula jino zima pamoja na bovu. Daktari Mmarekani G. V. Black, aliyekufa mwaka 1915, ndiye aliyeweka kanuni za uchongaji huo, na alifundisha kuwa tundu lipanuliwe hadi sehemu nzima ili uozo usirudi. Kizazi baada ya kizazi cha madaktari kilichonga hivyo. Meno mengi yalipona uozo yakaja kupasuka baadaye kwa wembamba wa kuta zilizoachwa.

Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017, ulizitaka nchi zipunguze amalgamu. Sababu kuu ni zebaki inayoingia katika mazingira. Amalgamu iliyo kinywani na isiyomsumbua mtu haihitaji kutolewa.

Mlango wa kuachana na uchongaji mkubwa ulifunguliwa mwaka 1955, daktari wa meno Michael Buonocore alipoonyesha kuwa enameli ikipakwa asidi ya fosfori hukwaruzika kiasi cha plastiki kuishika. Kutokana na hilo ilikuja kompositi, resini iliyochanganywa na chembe za kioo, inayofanana na rangi ya jino na kugandishwa kwa taa ya buluu ndani ya sekunde chache. Kompositi ni nzuri mno kwa meno ya mbele, lakini haivumilii mate: tundu likilowa kabla ya kugandisha, kazi hiyo haitadumu. Mwaka 1972 Waingereza Wilson na Kent walitangaza saruji ya glasi-ayonoma, ambayo hushikana na jino kwa kemia yake yenyewe na hutoa floraidi kidogo kidogo. Ni dhaifu kuliko hizo nyingine mbili. Hata hivyo ndiyo iliyofaa zaidi kwa wasio na umeme.

Kuziba bila mashine

Katikati ya miaka ya 1980 shule ya udaktari wa meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilikuwa ikipeleka huduma ya kinywa vijijini. Kikwazo kilijulikana: kekee ya meno inataka umeme, maji, hewa iliyoshindiliwa na fundi wa kuitengeneza inapoharibika. Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa akifanya kazi huko, na wenzake walijaribu kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu na kuziba kwa saruji inayoganda yenyewe. Mwanzoni ilikuwa ya policaboksileti, baadaye ikawa glasi-ayonoma. Njia hiyo, inayojulikana duniani kwa kifupi cha ART, ilipimwa Thailand mwaka 1991 na Zimbabwe mwaka 1993. WHO iliitambulisha rasmi tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani.

Kazi yenyewe inaweza kufanyika juu ya meza ya darasani. Mgonjwa hulala chali, kichwa kwenye mto mdogo, na mtabibu hukaa nyuma ya utosi wake. Pamba hupangwa kando ya ulimi na ndani ya shavu kuzuia mate. Mdomo wa tundu ukiwa mwembamba hupanuliwa kwa kipatasi, kwa kuwa enameli isiyo na dentini chini yake huvunjika kirahisi. Kisha huingia kijiko kidogo chenye makali ya mviringo. Dentini iliyooza ni laini na yenye majimaji, nayo hukwanguka kwa vipande kama nyama ya dafu changa. Chini yake huja tabaka gumu kiasi, kama ngozi kavu, linalokataa kijiko. Hapo karibu na kiini mkono husimama. Tabaka hilo si zima kabisa, lakini likifungiwa vizuri bakteria hukosa chakula na jino hujijengea dentini mpya upande wa ndani. Kwa kuwa kijiko kinagusa zaidi kile kilichokwisha kufa, mara nyingi hata ganzi haihitajiki.

Unga na maji ya saruji huchanganywa haraka, hujazwa katika tundu pamoja na mifereji ya juu ya gego, kisha mtabibu hupaka vaselini kwenye kidole chenye glavu na kukandamiza kwa sekunde kadhaa. Kinachofurika pembeni huondolewa, mgonjwa huuma meno kupima kimo, na huambiwa asile kwa saa moja.

Wapo waliokuwa wakiiona ART kama tiba ya maskini, kitu cha kusubirishia mashine ifike. Dai hilo limekosa nguvu. Tundu la upande mmoja tu wa jino likizibwa hivi hudumu miaka mingi, na madaktari wa Ulaya wenye kekee za kila aina sasa nao huacha lile tabaka gumu bila kulichimbua. Udhaifu uko kwenye matundu yanayogusa pande mbili au zaidi, hasa ya meno ya utotoni, ambako viziba vingi zaidi huharibika ndani ya miaka miwili. Mwaka 2021 WHO iliiingiza glasi-ayonoma katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa ya majimaji ya fedha na floraidi. Hiyo ya mwisho hupakwa tu juu ya uozo na kuusimamisha. Gharama yake ni kwamba sehemu iliyooza hugeuka nyeusi tii, jambo ambalo mzazi anapaswa kuambiwa kabla, si baada.

Uozo ukifika kwenye kiini

Kiini kilichokufa au kisichoponyeka huacha njia mbili: kung'oa, au kutibu mzizi. Katika tiba ya mzizi daktari hutia ganzi, hutoboa jino kutoka juu, hutoa kiini chote na kusafisha mifereji ya mizizi kwa tupa nyembamba kama sindano, huku akiisuuza kwa haipokloraiti ya sodiamu, kemikali ile ile ya dawa ya kung'arishia nguo nyeupe ila kwa kipimo cha tiba. Mifereji ikikauka hujazwa gutapecha, utomvu wa mti wa Asia unaofanana na mpira. Jino la mbele kwa kawaida lina mfereji mmoja, gego lina mitatu au minne, na tofauti hiyo ndiyo tofauti ya bei na ya muda wa kukaa kitini. Wengi huiogopa tiba hii kwa sifa yake mbaya. Maumivu wanayoyasimulia, ukiwauliza vizuri, mara nyingi ni ya siku zile kabla ya kufika.

Gego lililotibiwa mzizi kwa kawaida huhitaji kofia, la sivyo huweza kupasuka likitafuna mfupa au mahindi ya kuchoma. Kofia hutengenezwa kwa chuma, kauri, chuma kilichofunikwa kauri, au zirkonia. Watoto wana nafuu yao: kofia za chuma zilizotengenezwa tayari. Daktari wa Scotland, Norna Hall, alizoea kuzisukuma juu ya gego bovu la mtoto bila sindano wala kuchonga, na utafiti uliofuata ukathibitisha kuwa alikuwa sahihi.

Pengo lililobaki baada ya kung'oa huzibwa kwa meno ya bandia ya akriliki, ambayo ndiyo nafuu na ndiyo yanayopatikana zaidi. Huzibwa pia kwa daraja, linaloegemea meno jirani ambayo, hata yakiwa mazima, hulazimika kuchongwa. Au kwa kupandikiza skrubu ya titani katika mfupa wa taya. Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua kuwa mfupa huishika titani, na mwaka 1965 akampandikizia mgonjwa wa kwanza. Mfupa kwa kawaida huachiwa miezi mitatu hadi sita kushikana kabla ya jino kufungwa juu yake.

Meno ya floraidi

Katika Bonde la Ufa, kuanzia Arusha na Kilimanjaro hadi Nakuru, kuna uharibifu usiotokana na uozo. Miamba ya volkano hutia floraidi nyingi katika maji, na mtoto anayeyanywa wakati enameli yake ikijengwa huota meno yenye madoa ya kahawia, na hali ikiwa mbaya, yenye vishimo. WHO inashauri floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu kiwango kikubwa kuliko hicho kwa kukosa vyanzo vingine. Kituo cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja maji hayo kwa mifupa ya wanyama iliyochomwa. Magadi yanayotiwa kwenye maharage na makande nayo huongeza floraidi. Madoa mepesi huondolewa kwa kusugua enameli kwa asidi. Mazito hufunikwa kwa kompositi au vigae vyembamba vya kauri. Wenye meno haya huzoea kucheka wakiziba mdomo kwa mkono, ingawa meno yenyewe yanaweza kuwa na nguvu ya kutafuna kama ya mtu mwingine yeyote.

Jino lililong'oka kwa ajali

Jino zima la ukubwani lililotoka kwa kuanguka au kupigwa linaweza kurudishwa. Lishikwe upande wa kutafunia, lisishikwe mzizi wala kusuguliwa. Likiwa na uchafu lisuuzwe kidogo tu, kisha lirudishwe kwenye shimo lake palepale na mtu aume kitambaa. Ikishindikana, litiwe kwenye maziwa baridi, si kwenye tishu wala maji ya bomba. Watafiti wamejaribu hata maji ya dafu, lakini maziwa bado ndiyo chaguo la kwanza. Seli za juu ya mzizi zikikauka kwa saa moja hufa, kwa hiyo bodaboda ya kwenda kliniki ikodiwe kabla ya kutafutwa mwenye kosa. Jino la utotoni halirudishwi, kwa sababu mzizi wake unaweza kuliumiza lile la ukubwani linalosubiri chini yake.