Robota la Kasekera

Kutoka nyumbani kwangu hapa Tabora hadi Kwihara ni mwendo wa saa moja na nusu kwa mtu mwenye magoti mazima. Mimi siku hizi hupanda bodaboda, lakini katika miaka yangu ya ualimu niliwapeleka wanafunzi wa darasa la sita kwa miguu, kila mwaka, mvua zikishakwisha. Tulikwenda kuliona tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872, kwanza pamoja na Stanley, kisha peke yake, akisubiri watu na vifaa kutoka Zanzibar. Watoto walikula viazi vyao chini ya miembe, nami nikasimama barazani na kufundisha.

Somo nililolipenda kuliko yote halikuwa lile la kukutana kwa Wazungu wawili Ujiji. Hilo kila mtu amelisikia. Nilipenda kufundisha habari za mizigo. Niliwaambia watoto kwamba historia ya njia hii, tangu Bagamoyo hadi Ujiji, ni historia ya mzigo: nani ameufunga, nani ameubeba, nani ameuchelewesha na nani ameufungua. Pagazi wa Kinyamwezi alibeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, begani, kwa miezi mitatu na zaidi. Nguo zilifungwa marobota. Shanga zilitiwa katika mifuko mirefu. Barua zilikwenda ndani ya mfuko wa turubai, na barua moja moja ilibanwa katika ufa wa kijiti ili jasho la mchukuzi lisiiharibu.

Basi hapo ndipo nilipomleta Sherifu. Balozi wa Kiingereza aliyekuwa Zanzibar alimpelekea Livingstone bidhaa huko Ujiji, na msimamizi wa msafara alikuwa mtu huyo aliyeitwa Sherifu. Livingstone alikuwa Manyema kwa muda mrefu. Aliporudi Ujiji mwezi Oktoba 1871, mgonjwa, alikuta bidhaa zake zimeuzwa zote, nguo na shanga, na thamani yake imegeuzwa watumwa na pembe za ndovu. Sherifu alieleza kwamba alipiga ramli kwa Kurani, nayo ikaonyesha kuwa mwenye mali amekufa. Kisha akaja kumpa Livingstone mkono. Livingstone akaukataa, na Sherifu akaonekana kukasirika! Watoto walicheka sana hapo. Nami nilikuwa nikiuliza: "Sherifu ni nani?" Darasa zima likajibu: "Ni mwizi, mwalimu!"

Nilifundisha hivyo kwa miaka mingi, na mtihani nilitunga.

Mwezi Februari 2022 nilipeleka boksi moja Dar es Salaam kwa binti yangu wa pili, kwa kampuni ya vifurushi yenye dirisha lake karibu na stendi. Ndani ya boksi mlikuwa na kaunta buku nne. Naomba msomaji anivumilie nieleze zilikuwa na nini, maana nisipoeleza ataona ni karatasi tu. Tangu mwaka 1976 nilikuwa na desturi ya kwenda kwa wazee siku za Jumapili na kuandika walichonieleza. Wengine baba zao walikuwa mapagazi wa misafara, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912 na kuwaondolea kazi. Wengine walichukuliwa wenyewe kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, kwanza na Wajerumani, kisha, mji ulipoanguka Septemba 1916, na Wabelgiji. Mzee mmoja alinivulia shati akanionyesha bega la kushoto, limeota nundu kama ya fahali. Akaniambia nilishike. Nililishika, nikaandika. Wote wale wamekufa. Wa mwisho nilimzika mwaka 1994.

Binti yangu alitaka kuzipiga chapa ili ziingie katika kitabu hiki. Karani wa dirishani, kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye heshima, aliniuliza: "Shikamoo mwalimu. Ndani kuna nini, na thamani yake kiasi gani?" Nikajibu, "Madaftari chakavu. Andika elfu ishirini." Nilihofia kwamba nikitaja kubwa nauli itapanda. Nikalipa shilingi 8,000, nikapewa risiti, nikaikunja ndani ya miwani yangu.

Boksi halikufika. Wiki ya kwanza binti yangu alikwenda kwenye stoo yao huko Dar, akaambiwa halijaingia. Wiki ya tatu akaambiwa hivyo hivyo. Mimi huku nilikwenda dirishani mara sita. Mara ya kwanza kijana alisema gari liliharibika Dodoma na mizigo ikahamishiwa magari mengine, tusubiri. Mara ya pili alipiga simu mbele yangu. Mara ya tatu alisema, "Mwalimu, mimi kazi yangu ni kupokea na kupakia, likishaondoka hapa sina mamlaka nalo." Ni jibu la kweli, ila mwenye kupoteza haliwezi kumtosha. Mara ya nne nilimwita mwizi. Nilisema kwa sauti, mbele ya abiria na mama lishe. Nilisema vijana wa siku hizi hata karatasi wanaiba.

Mara ya tano nilipofika alisimama, akasema, "Shikamoo mwalimu."

Sikumwitikia.

Msomaji aliyelelewa katika mila zetu anajua uzito wa jambo hilo. Shikamoo ya kijana haikataliwi, hata kama mmegombana. Baba yangu mzazi aliwaitikia watu waliomdhulumu shamba. Mimi nilitazama ukutani mpaka kijana akaketi.

Mwezi wa nane nililipwa fidia, kwa mujibu wa masharti yaliyochapwa nyuma ya risiti kwa herufi za mchwa: thamani niliyoitaja mwenyewe, shilingi 20,000. Nilizipokea kwa kuwa nilitaka wajue kuwa wameshindwa. Kisha nikasafiri hadi Dar es Salaam kwa nauli iliyozidi fidia hiyo, nikaenda na binti yangu kwa msimamizi wa stoo. Yule bwana alikuwa mtu mzima, mpole, akatoa rejista na kuifungua kwa kidole.

Boksi langu lilikuwa limefika. Lilifika wiki ya sita, baada ya sisi kukata tamaa ya kuuliza huko. Siku hiyo hiyo walipiga simu kwa mpokeaji. Wakapiga tena kesho yake, na tena wiki iliyofuata. Katika rejista mlikuwa na alama tatu, na mbele ya kila alama neno moja: haipatikani. Namba iliyoandikwa ilikuwa ya binti yangu, isipokuwa tarakimu ya saba. Penye moja paliandikwa saba.

Nilitoa risiti yangu mfukoni mwa miwani. Nayo ilikuwa na saba hiyo hiyo. Nimekaa nayo miezi sita, nimeitikisa usoni pa watu, sikuisoma hata siku moja. Karani alinakili namba kutoka kwenye karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu. Nami chuoni, mwaka 1970, nilifunzwa kuandika moja yenye kofia ndefu mbele na kikalio chini; ndiyo nilivyoiandika ubaoni miaka 37, na watoto wakaiga. Kalamu ikikosa kikalio, moja ile ni saba. Binti yangu aliichukua risiti, akaitazama, akanirudishia bila kusema neno.

"Na mtumaji je, hamkumtafuta?" aliuliza. Msimamizi akageuza rejista tuone. Penye namba ya mtumaji niliandika S.L.P., Tabora, kama barua rasmi inavyotaka. Kuna mtu gani siku hizi hupigia sanduku la posta?

Mzigo usio na mwenyewe walikuwa wakiuweka siku 90. Baada ya hapo vyenye thamani huuzwa, na karatasi huondolewa. Nilimwuliza karatasi huondolewa kwenda wapi. Akasema hajui, pengine wauza karanga. Siku ile, njiani kwenda kwa binti yangu, niliwatazama wauza karanga wote mikononi.

Niliporudi nyumbani niliirudia ile habari ya Ujiji, ambayo nilidhani naijua kwa moyo. Sitaki kumtakasa Sherifu. Mali alikula, na kuna mengi ya kuonyesha kwamba hakuwa na haraka ya kumfikishia mgonjwa chochote. Lakini tazama jinsi njia ile ilivyokuwa ikifanya kazi. Msafara mwingine wa kumsaidia Livingstone uliondoka Zanzibar mwezi Novemba 1870, ukiwa na mfuko wa barua ulioandikwa tarehe mosi ya mwezi huo. Ulivuka bahari, ukakaa Bagamoyo siku karibu 100, bila sababu inayoeleweka. Hapa Unyanyembe ukasimama tena, vita vya Mirambo vikaifunga njia. Stanley ndiye aliyeuchukua mfuko ule na kumkabidhi mwenyewe, mwaka mzima tangu ulipotoka Zanzibar. Na barua alizoandika Livingstone Ujiji mwaka 1869, zipatazo 40, karibu zote zilipotea njiani. Wafanyabiashara wa watumwa hawakupenda habari zao zifike pwani. Katika njia ya namna hiyo, ambapo mtu huondoka asisikike miaka miwili, kusema "mwenye mali amekufa" hakuhitaji uongo mkubwa. Sherifu alipiga ramli. Watu wa stoo walipiga simu. Wote waliambiwa mwenyewe hayupo. Ila watu wa stoo walipiga mara tatu, na mimi hapo nilikuwa hai Tabora, nikimtukana mtoto wa watu.

Kuna mzigo mwingine katika historia hii, ambao zamani niliufundisha kwa haraka kwa sababu kipindi huwa kimekwisha. Livingstone alifariki mapema Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Watu wake wangeweza kumzika pale na kutawanyika. Hakuna ambaye angewalaumu. Badala yake walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua kwa majuma mawili, wakaufunga kwa gome la mti na turubai, wakaubeba. Viongozi walikuwa Susi na Chuma, waliokuwa naye tangu mwanzo wa safari ile mwaka 1866. Walifika hapa Unyanyembe Oktoba 1873. Hapo wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wamzike hapa hapa. Wakakataa. Akawachukulia vyombo vya kupimia vya marehemu, nao wakaendelea.

Walipofika Kasekera, mashariki ya hapa, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Susi na Chuma wakafanya shauri la ajabu. Usiku waliivua maiti gome lake, wakaikunja na kuifunga upya kama robota la kawaida la nguo. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga kwa nguo mpaka yakawa na umbo la mtu, wakachomeka barua katika kijiti, kama desturi, wakawatuma watu sita waaminifu warudi nayo Unyanyembe, kana kwamba wanakwenda kuzika. Watu wale sita walipokwenda mbali walitawanya mabua porini, moja moja, wakarudi kwa kificho. Robota likapita Kasekera pamoja na marobota mengine, na hakuna aliyeuliza. Februari 1874 likafika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwaka huo mwili ukazikwa Westminster Abbey, London. Madaftari ya marehemu nayo yalifika, na yakachapwa mwaka huo huo. Huko Bagamoyo wachukuzi walilipwa mishahara yao na kuambiwa kazi imekwisha.

Sasa nikiisimulia habari hii nafikiria zaidi yale madaftari. Katika nchi ambamo barua 40 zilipotea, watu wengi wao wasiojua kusoma walifikisha karatasi zote kwa mwendo wa miezi tisa, kwa sababu hawakumwachia mtu mwingine.

Mwezi Septemba nilirudi dirishani. Nilikuwa nimesikia kwa mama lishe kwamba zile 20,000 kampuni haikuzitoa mfukoni mwake. Ilimkata karani mshahara. Nilimkuta. Safari hii hakusimama wala hakusalimu, nami sikuwa na haki ya kudai. Nilisema, "Marahaba." Akanitazama kama mtu anayemtazama mzee aliyechanganyikiwa. Nikamwambia, "Ni ya mwezi wa sita. Nilichelewa kuitikia." Nikamwonyesha saba na moja yangu, nikamwekea noti mbili za elfu kumi juu ya meza. Alizichukua, akazitazama kwenye mwanga kama kwamba ni bandia, akazitia mfukoni. Kisha akasema, "Mwalimu, ungeandika namba yako ya simu."

Nimeanza upya kuandika ninayoyakumbuka. Bega lile nalikumbuka vizuri; majina ya vituo kati ya hapa na Ugogo, ambayo mzee yule aliyataja kwa mpangilio bila kukosea, nimebaki nayo machache tu. Kaunta buku nne zimekuwa moja na nusu. Binti yangu alikuja mwenyewe kwa treni kuichukua. Asubuhi ya kuondoka niliiona akiitia katikati ya vitenge vyake, akafunga mkoba, akaukalia akisubiri honi.