Ziwa Nakuru: Kituo cha mwisho cha maji taka ya mji

MJI wa Nakuru umejengwa kwenye mteremko unaotoka mlima Menengai hadi Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke. Chumvi, madini na uchafu ulioingia nayo husalia humo.

Hiyo ndiyo sababu usafishaji wa maji taka una uzito mkubwa mjini humo. Mto wenye kasi huweza kuusukuma uchafu mbali. Ziwa lisilo na pa kutokea huuhifadhi. Ziwa lenyewe liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 1990, na mwaka 2011 likawa sehemu ya Turathi za Dunia.

Mji una vituo viwili vya kusafisha maji taka, kile cha Njoro na kile kikongwe cha mjini. Maji yanayotoka humo huelekea ziwani.

Kazi hufanyika kwa hatua. Kwanza, vyuma vilivyopangwa kama chekeche huzuia matambara na plastiki. Kisha maji huingia kwenye bwawa lenye kina kirefu, ambamo taka nzito hutuama na kuwa tope, nao bakteria wasiohitaji hewa huzimeng’enya. Katika bwawa la pili, lililo pana zaidi, mwani hutoa oksijeni kwa nguvu za jua na bakteria wengine huitumia kula uchafu uliobaki. Mwishoni, maji hukaa kwenye mabwawa yenye kina kifupi ambako mwanga wa jua huua viini vya maradhi kama kipindupindu na homa ya matumbo.

Mfumo huu hauhitaji mitambo mingi, ila huhitaji nafasi, muda na matunzo. Tope lisipoondolewa, kina cha mabwawa hupungua na maji hupita upesi kabla ya kusafika.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira (NEMA), zilitaka maji yanayorudishwa kwenye mazingira yawe na uchafu unaohitaji oksijeni isiyozidi miligramu 30 kwa lita. Bakteria wa kinyesi aina ya E. coli hawakuruhusiwa hata kidogo.

Hata hivyo, bakteria hawawezi kumeng’enya risasi wala zinki. Ndiyo maana viwanda hutakiwa kusafisha maji yao kwanza kabla ya kuyaingiza kwenye mabomba ya mji. Heroe walipokufa kwa wingi miaka ya 1990, wanasayansi walitofautiana: kuna waliotaja madini hayo mazito, wengine sumu ya mwani, na wengine maambukizi.

Pengo kubwa zaidi liko nje ya vituo. Sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 307,990. Ile ya 2019 ilihesabu 570,674, na Nakuru ikapandishwa hadhi kuwa jiji Desemba 2021. Mabomba ya maji taka hayajaenda sambamba na ongezeko hilo. Familia nyingi hutegemea vyoo vya shimo, na mvua ikinyesha, mitaro hubeba uchafu moja kwa moja hadi ziwani.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 ziwa limefurika, likafunika lango kuu la mbuga na kuwahamisha wakazi wa Mwariki. Nyumba zilizozama zilizama pamoja na vyoo vyake. Maji mengi huufifisha uchafu, lakini hayauondoi.

Kampuni ya maji ya Nakuru imejaribu njia nyingine: kinyesi kutoka vyooni hukaushwa, kikachanganywa na vumbi la mbao na kugeuzwa makaa ya kupikia. Kila lori la uchafu linalofika huko ni mzigo uliopunguziwa ziwa, kwani hakuna kituo kinachoweza kusafisha taka zisizokifikia.