Kasi Ilitangulia, Kinga Ikachelewa

Mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya East African Safari wakiendesha Volvo PV544 lililokwisha kutumika. Wapenzi wa mbio wangali wakimsifu Joginder kwa ustadi wake kwenye tope na vumbi. Gari lake nalo lilikuwa la ukoo wenye sifa yake. Agosti 1959, katika mji wa Kristianstad nchini Sweden, PV544 lilikuwa gari la kwanza kukabidhiwa kwa muuzaji likiwa na mkanda wa kisasa, ule unaopita begani na kiunoni.

Kabla ya hapo, kwa zaidi ya nusu karne, watengenezaji walishindana kuongeza nguvu za injini huku mwili wa dereva ukiachwa ujitetee wenyewe. Usukani ulishikwa na mhimili mgumu wa chuma uliomwelekea dereva kifuani. Mara nyingi dashibodi ilikuwa chuma kitupu, na mlango ungeweza kufunguka gari linapogonga na kumtupa abiria nje.

Magari ya kasi yalikuwa hatari zaidi, kwa sababu wabunifu walipunguza kila kilo waliyoweza. Porsche 550 Spyder alilokuwa akiendesha mwigizaji James Dean lilikuwa na bodi ya alumini na uzito wa kilo 550 hivi tu. Tarehe 30 Septemba 1955, karibu na Cholame, California, liligongana na gari kubwa la Ford kwenye makutano ya barabara. Dean alifariki akiwa na umri wa miaka 24. Fundi wa Porsche aliyekuwa naye, Rolf Wütherich, alirushwa nje na kunusurika akiwa na majeraha makubwa.

Wakati huo dawa ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye karatasi. Béla Barényi, mhandisi wa Daimler-Benz, alipata hataza mwaka 1952 kwa wazo lililowashangaza wengi: sehemu ya mbele na ya nyuma ya gari zibonyee kwa urahisi, ila chumba cha abiria kibaki imara. Hesabu yake ni ya msingi. Kasi ikipanda kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nishati ya mwendo huongezeka mara nne. Gari likigonga, nishati hiyo lazima iishie mahali. Chuma cha boneti kisipoipokea, itapokelewa na mbavu na ubongo wa binadamu. Mercedes-Benz waliliingiza wazo hilo katika magari yao ya W111 mwaka 1959, mwaka uleule wa mkanda wa Volvo.

Mkanda huo ulibuniwa na Nils Bohlin, aliyetokea Saab, ambako alishughulikia viti vya kuwarusha marubani nje ya ndege. Volvo waliwaruhusu watengenezaji wengine kuutumia ubunifu huo bila kuwabana kwa hataza. Mwaka 1967 Bohlin alitoa uchambuzi wa ajali 28,000 nchini Sweden, na matokeo yake yakaonyesha faida ya mkanda kwa waliouona kama usumbufu. Kule Marekani, mwanasheria Ralph Nader alikuwa amechapisha kitabu mwaka 1965 akiwashutumu watengenezaji kwa kutojali maisha ya wateja, na mwaka uliofuata nchi hiyo ikapitisha sheria ya usalama wa magari. Baada ya hapo mihimili ya usukani iliyojikunja wakati wa ajali ikaanza kuenea.

Hata hivyo, mbio za kuongeza nguvu hazikupungua. Mwaka 1975 Porsche walileta 911 Turbo yenye nguvu farasi 260 na injini iliyokaa nyuma kabisa. Tabo, yaani kifaa kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini, ilichelewa kuamka, kisha ikaamka kwa kishindo. Dereva aliyeondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona aliona sehemu ya nyuma ikitaka kumtangulia. Gari hilo likabatizwa jina la mfanya wajane. Mwaka 1987 Ferrari walizindua F40, lenye uwezo wa kufika kilomita 324 kwa saa, bila mfuko wa hewa na bila breki za kuzuia magurudumu yasikwame. Teknolojia zote mbili zilikuwapo sokoni: Mercedes-Benz walikuwa wakiuza breki hizo tangu 1978, na mfuko wa hewa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Japani ilichukua njia yake. Vifo barabarani vilipopita 10,000 kwa mwaka mwishoni mwa miaka ya 1980, makampuni yalikubaliana kwamba magari ya kuuzwa nchini humo yasitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu farasi 280. Makubaliano hayo yalidumu hadi 2004. Ndani ya kipindi hicho yalizaliwa magari yanayopendwa sana huku kwetu, likiwemo Subaru Impreza WRX.

Dereva Colin McRae aliposhinda Safari Rally, mashindano yaleyale ya Joginder, akiendesha Impreza mwaka 1997, na dereva Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000, vijana wengi wa Afrika Mashariki waliamini kwamba lile lililoegeshwa mtaani ni gari lilelile. Yana jina moja, lakini ni magari tofauti. La mashindano lina kizimba cha mabomba ya chuma kilichounganishwa na bodi, kiti kinachomkumbatia dereva, mikanda ya kufunga mabega yote mawili na helmeti kichwani. Impreza la barabarani la miaka ya 1990 halina hata kimoja kati ya hivyo. Halina pia mfumo wa kielektroniki wa kulizuia gari lisiteleze, ambao ulianza kuonekana kwenye magari ya kifahari mwaka 1995. Kilichobaki cha pamoja ni tabo na kishawishi cha kukanyaga mafuta.

Upo ushahidi wa majaribio kwa anayeendelea kusema kwamba magari ya zamani yalikuwa chuma kweli na ya leo ni bati. Mwaka 2009, IIHS, taasisi ya usalama barabarani ya Marekani, iligonganisha Chevrolet Bel Air la 1959 na Chevrolet Malibu la 2009, kila moja likienda kilomita 64 kwa saa. Chumba cha Bel Air kiliporomoka, na dereva wake angekufa. Wa Malibu angetoka na jeraha dogo la mguu. Mwaka 2017, ANCAP, taasisi ya kupima usalama wa magari ya Australia na New Zealand, iligonganisha Toyota Corolla la 1998 na Corolla la 2015. La zamani lilipata pointi 0.40 kati ya 16, na jipya 12.93. Corolla lile la 1998 ni rika la Impreza tunalolizungumzia, na wala halina tabo.

Umri nao huongeza madhara. Magari haya yamepita mikononi mwa wengi. Mengi yamegongwa, yakanyooshwa na kupakwa rangi. Chuma kilichobonyea kikanyooshwa kwa nyundo hakibonyei tena kama mbunifu alivyokusudia. Kutu hula viungo visivyoonekana. Mpira wa tairi hukauka hata kama kashata bado ni nzima. Mifuko ya hewa iliyotengenezwa na Takata, iliyowekwa katika mamilioni ya magari, iliagizwa ibadilishwe duniani kote baada ya kubainika kwamba kemikali yake huharibiwa na joto na unyevu, hali ambayo wakazi wa Mombasa, Tanga na Dar es Salaam wanaishi nayo mwaka mzima.

Nayapenda magari haya, na siombi yapondwepondwe. Ni kazi ya mikono ya wahandisi hodari, na yanastahili kutunzwa. Ila anayelimiliki ajue kwamba kinga ambayo gari la leo linayo ndani yake, gari lake linamdai yeye mwenyewe. Kabla ya kutumia fedha kuongeza nguvu za injini, badilisha mikanda iliyolegea na breki zilizochoka. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi, ambazo hueleza wiki na mwaka lilipotengenezwa. Hakiki namba ya chasisi kwenye tovuti ya mtengenezaji ujue kama mfuko wa hewa unatakiwa kubadilishwa. Mwombe fundi aliinue gari akague kutu na dalili za ajali ya zamani. Abiria wa nyuma nao wafunge mikanda. Na ukitaka kujua mwisho wa kasi yake, nenda kwenye uwanja wa mbio wenye wasimamizi na gari la wagonjwa. Barabara ya umma ni ya watoto wa shule, waendesha bodaboda na akina mama wanaovuka na mizigo, na wao hawana hata bati la kuwakinga.