Timu yako iko na majeruhi na msimu umeanza vibaya? Huu hapa mwongozo wa shabiki wa Eastleigh

Kila Agosti ni story ile ile. Umetoka job First Avenue, umekwepa mikokoteni na matatu Jam Street, umeingia kibanda cha chai, na kabla hata uagize shaah unapata vita ishaanza. Msee wa Arsenal anataka kocha aende. Wa Man U anasema ni majeruhi. Wa Liverpool amenyamaza, anangoja zamu yake. Wote wanaongea kwa sauti ya juu na hakuna anayejua huyo beki atarudi lini.

Wewe usikuwe hivyo. Soma hii, ukienda kesho uongee na point.

Jua jeraha kwanza

*Nyuma ya paja.* Hii ndiyo watangazaji huita hamstring. Mchezaji anakimbia mbio, ghafla anashika nyuma ya mguu na kusimama. Ikiwa ni kuvutika kidogo, atakaa nje wiki moja hadi tatu. Ikiwa msuli umechanika kiasi, hesabu mwezi mmoja hadi miwili. Ukichanika kabisa, ni miezi. Utafiti wa UEFA kwa klabu kubwa za Ulaya ulionyesha jeraha hili lilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote msimu wa 2001/02, na kufikia 2021/22 lilikuwa asilimia 24. Na linapenda kurudi, hasa mchezaji akiharakishwa. Kwa hivyo ukisikia "amerudi mazoezini", usishangilie bado.

*ACL.* Hii ni kano ya ndani ya goti. Ikikatika, ngori. Mara nyingi ni upasuaji, na kurudi ni miezi sita hadi tisa, wakati mwingine zaidi. Virgil van Dijk aliumia tarehe 17 Oktoba 2020 pale Everton, akacheza ligi tena Agosti 2021. Rodri wa Man City aliumia dhidi ya Arsenal tarehe 22 Septemba 2024, akarudi Mei 2025 msimu ukiisha.

*Kifundo cha mguu.* Kuteguka kidogo ni siku chache au wiki. Kano zikichanika, ni miezi.

*Mifupa ya kanyagio.* Ikivunjika, wiki sita hadi kumi na mbili hivi, na ikirudia kuvunjika inakuwa ndefu zaidi.

Mechi tatu si msimu

Ligi ya Uingereza ina mechi 38. Mashabiki wa Arsenal wa hapa mtaani bado wanakumbuka Agosti 2021. Brentford 2-0, Chelsea 2-0, City 5-0. Mabao tisa yameingia, hawajafunga hata moja, na wako mkia wa ligi. Partey alikuwa ameumia kifundo, Gabriel goti, Aubameyang na Lacazette walikosa mechi ya kwanza wakiwa wagonjwa. Watu walificha jezi. Septemba wakachapa Norwich 1-0, Burnley 1-0, halafu Tottenham 3-1. Walimaliza nambari tano na pointi 69. Msimu uliofuata wakawa wa pili.

Funzo ni gani? Kabla ulie, angalia walicheza na nani na nani alikuwa nje. Chelsea na City ndani ya wiki moja, na kikosi nusu, hiyo ni ratiba mbaya tu.

Ni sababu ama ni kisingizio?

Hapa ndipo watu hupigana. Uliza maswali mawili.

La kwanza: walioumia wanacheza nafasi moja? Liverpool 2020/21 walipoteza Van Dijk, kisha Joe Gomez, kisha Joel Matip, wote mabeki wa kati. Ikabidi Fabinho na Henderson, watu wa kiungo, warudi nyuma. Kiungo kikafa, wakapigwa mechi sita mfululizo za ligi pale Anfield. Hiyo ni sababu ya ukweli. Na bado walimaliza wa tatu, Nat Phillips na Rhys Williams wakiwa nyuma.

La pili: wakirudi, mambo yanabadilika? Man U 2023/24 walikaa bila Luke Shaw kwa muda mrefu, Lisandro Martinez akaumia tena mguu, na Septemba wakapigwa na Arsenal, Brighton na Crystal Palace. Lakini hadi mwisho wa msimu walikuwa wamepoteza mechi 14 za ligi na kumaliza nambari nane. Walishinda Kombe la FA, sawa, lakini mechi 14 haziwezi zote kuwa za daktari.

Story yetu: Wanyama

Victor Wanyama ni kijana wa Muthurwa, na alisoma Kamukunji High, hapa tu karibu. Msimu wa 2016/17 alicheza mechi 36 za ligi akiwa Tottenham. Karibu hakosi. Agosti 2017 goti likagoma baada ya mechi ya Chelsea. Tottenham walikuwa wamehamia Wembley, na mechi tatu za kwanza za nyumbani hawakushinda hata moja: Chelsea 1-2, Burnley 1-1, Swansea 0-0. Watu wakaanza kusema uwanja una laana.

Laana gani? Oktoba wakashinda nyumbani, na msimu ukaisha wakiwa wa tatu. Timu ilipona. Wanyama alirudi Januari 2018, na Februari akaingia kama mchezaji wa akiba Anfield na kupiga lile kombora ambalo Eastlands nzima iliruka. Lakini nafasi yake ya kila wiki haikurudi vile ilivyokuwa, na Machi 2020 akaenda Montreal.

Shika hiyo. Timu inaweza kusahau Agosti mbaya. Goti halisahau.

Doo yako

Kama unabeti, usitume pesa asubuhi. Agosti na Septemba mechi ya saa tisa Uingereza huku ni saa kumi na moja jioni, na vikosi hutoka saa moja hivi kabla. Ngoja uone nani yuko nje. Na rent ni rent. Landlord hajui Saka ameumia.

Na goti lako?

Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Jumapili uko uwanjani na timu ya mtaa, umegeuka, goti limelia "paa" na likafura ndani ya saa chache. Hiyo inaweza kuwa ACL. Usirudi uwanjani ati "itatulia". Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, funga, inua mguu. Siku mbili za kwanza wacha maji moto na kukandwa. Kisha tafuta daktari au fizio, na uhakikishe usajili wako wa SHA uko sawa kabla uumie, si baada.

Van Dijk alikuwa na klabu ya kumlipia kila kitu. Kijana wa mtaa ana mbogi yake tu. Kwa hivyo ile nguvu mnatumia kubishana kuhusu majeruhi wa London, ingine iwekeni kando: kila mtu atoe soo kwa wiki, mkuwe na kitu kidogo siku mmoja wenu atabebwa kutoka uwanjani.

Halafu rudini kibandani mbishane. Shaah bado iko moto.