Talanta

Kanisani ukitaja talanta, macho yote huelekea kwaya. Kiswahili cha leo kimeifanya kuwa kipaji. Kenya hata ina mpango wa serikali uitwao Talanta Hela. Lakini katika mfano wa Yesu wa Mathayo 25 talanta ni fedha, tena nyingi: dinari kama 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa kutwa. Piga hesabu, ni jasho la miaka takriban 20! Na watumwa wa mfano huo, walioachiwa mali na bwana wao, waligawiwa talanta kulingana na uwezo wao, kwa hiyo uwezo ni kitu kingine kabisa. Basi anayejitetea kwamba hakujaliwa kipaji hajajibu swali. Anaulizwa mali ya bwana wake, ikiwemo asubuhi ya leo iliyoishia WhatsApp, imezaa nini.