Ng'ombe wa Dada, Tiketi ya Kaka

Hadithi ya Wakenya waliokwenda kusoma Marekani huanza na ndege. Septemba 1959, vijana 81 walipanda ndege ya kukodi kutoka Nairobi kwenda New York, na jina linalotajwa kwanza ni la Tom Mboya, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 29 tu. Halafu yanakuja majina ya mastaa: Jackie Robinson wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, Sidney Poitier mwigizaji. Hao watatu walitia sahihi barua ya kuwaomba Wamarekani pesa za ndege hiyo. Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Kufikia 1963, mamia ya vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wamevuka bahari kwa mpango huo.

Yote hayo ni kweli. Lakini ukiisimulia hivyo, unaingia kwenye safari ikiwa imebaki hatua moja. Ndege ililipiwa New York, sawa. Suti je? Sanduku? Nauli ya basi kutoka Kisii mpaka Nairobi, karibu kilomita 300? Pesa ya kula wiki za kwanza kabla kijana hajapata kazi ya kuosha vyombo kwenye mkahawa wa chuo? Na kabla ya yote hayo, ile miaka ya karo ya shule iliyomfanya aweze hata kuandika barua ya kuomba nafasi? Pesa hizo hazikutoka kwa Kennedy. Kwa kijana wa Gusii, yaani Kisii na Nyamira za leo, zilitoka kwenye vilima vya nyumbani, na nyingi zilitoka kwa watu ambao hawajawahi kuandikwa popote.

Tuanze na ng'ombe, kwa sababu ndiye aliyekuwa benki. Zamani vijana wa Gusii walilinda mifugo katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizokuwa mbali na nyumba za wazee. Waingereza walipokuja kwa bunduki mwaka 1905, na tena 1908 baada ya Otenyo kumchoma mkuki ofisa wao Northcote, adhabu iliyouma zaidi ilikuwa kuchukua ng'ombe kwa maelfu. Miaka michache baadaye ebisarate zikapigwa marufuku. Hata hivyo ng'ombe hakuacha kuwa akiba. Alibaki bomani, na njia kubwa ya kumpata ilikuwa mahari.

Hapo kuna jambo ambalo wanaanthropolojia waliliona mapema, na bibi zetu hawakuhitaji kuambiwa. Katika desturi ya Abagusii, kaka alifungamanishwa na dada yake. Ng'ombe walioingia bomani dada alipoolewa ndio waliotoka kaka alipooa. Philip Mayer, aliyefanya utafiti huko miaka ya 1940, aliandika kuhusu sheria ya mahari hiyo, na maandishi yake yakachapishwa 1950. Kwa lugha rahisi: mwanamume alianza maisha akiwa na deni kwa dada yake, na boma zima lilijua.

Shule ilipokuja, hesabu hiyo haikufutwa. Ilipanuliwa. Ng'ombe aliyekuwa wa kumwozesha kaka sasa angeweza kuuzwa sokoni ili kaka asome. Dada alikuwa ameshaolewa, mara nyingi akiwa hajamaliza hata masomo ya msingi. Kaka akaenda shule ya bweni, kisha chuo, kisha ng'ambo. Ukifuatilia pesa kinyumenyume kutoka uwanja wa ndege wa Embakasi mpaka kijijini, mara nyingi utafika kwa msichana aliyeolewa mapema.

Baada ya ng'ombe yakaja mazao. Miaka ya 1930 Kisii ilikuwa kati ya sehemu chache za Kenya, pamoja na Meru na Embu, ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kujaribu kulima kahawa. Miaka ya 1950 pareto na majani chai vikafuata. Waliotangulia walipata faida ya mapema. Chifu Musa Nyandusi wa Nyaribari, mmoja wa wakulima wa kwanza wa kahawa huko, alikuwa na uwezo ambao jirani zake hawakuwa nao, na mwanawe Simeon Nyachae alifika Uingereza kusomea utawala. Boma la chifu liliweza kumsafirisha mtu peke yake. Boma la kawaida halikuweza. Lilihitaji jirani.

Na ujirani wa kufanya kazi pamoja haukuwa jambo geni. Palikuwa na egesangio, kikundi kidogo cha watu waliolimiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Palikuwa pia na risaga, majirani wengi zaidi walioitwa siku moja kumaliza kazi kubwa, kisha wakakaa kunywa pombe ya wimbi. Badilisha jembe uweke shilingi, badilisha pombe uweke chai kwa sababu kanisa limekataza pombe, na utapata sherehe ya chai ya miaka ya 1950: meza nje, kitambaa cheupe, mwalimu akiandika, watu wakiita majina yao na walichotoa. Mmoja analeta shilingi, mwingine mayai, mwingine kuku wa kunadiwa. Jomo Kenyatta alipolifanya neno harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, watu wa vilimani walikuwa tayari wanajua kazi hiyo.

Waliosafiri walirudi wakubwa. James Nyamweya alisomea sheria London akarudi kuwa wakili, kisha waziri. Lawrence Sagini alisoma Allegheny College, Pennsylvania, kabla ya ndege za Mboya kuanza, na mwaka 1963 akaingia katika baraza la mawaziri la kwanza la Kenyatta. Zachary Onyonka alipitia Puerto Rico na chuo kikuu cha Syracuse akisoma uchumi. Uchaguzi wa 1969 ulipofika, watu wa Kitutu wakamtoa Sagini, msomi wa Marekani, wakamweka Onyonka, naye msomi wa Marekani. Mimi nauona uchaguzi ule kama kikao cha wenye hisa. Jamii iliyosomesha watu ilikuwa inauliza: huyu ametuletea nini? Kama hajatosha, mwingine yupo, naye pia tulimsindikiza.

Usidhani njia ilikuwa moja. Aliyekosa barua ya chuo cha Marekani aliweza kujaribu upande wa Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, vijana wa Nyanza walipita Uganda na Sudan mpaka Cairo, wengine kwa lori na miguu, wakitafuta ufadhili wa nchi za kikomunisti kupitia mitandao ya Oginga Odinga. Waadventista, ambao misheni yao ya Nyanchwa iko hapo hapo Kisii, walikuwa na mtandao wao wa vyuo, mpaka Spicer kule Pune, India. Mwanafunzi wa Kiadventista aliweza kutafuta karo kwa kuuza vitabu vya dini nyumba kwa nyumba wakati wa likizo. Ukishabisha hodi kwenye milango mia kwa wiki, huyo balozi wa viza hakutishi sana.

Baadaye India ikawa ng'ambo ya watu wa kawaida, kwa sababu karo yake ilikuwa nafuu kuliko Uingereza na Marekani. Lakini kuwa na shilingi hakukutosha. Mpaka sheria ya kudhibiti fedha za kigeni ilipofutwa mwaka 1995, hukuweza tu kuingia mahali ukabadilisha dola unavyotaka. Ilibidi upate kibali. Mzazi wa Nyamira aliyeuza chai yake alikuwa na pesa halali mkononi, na bado alihitaji ruhusa ili pesa hiyo ivuke mpaka. Kwa hivyo maandalizi ya safari yalikuwa pia maandalizi ya kujuana na watu: nani anamjua nani ofisini, nani ataandika barua, nani atasukuma faili. Wale walioitwa wageni wa heshima kwenye harambee hawakuitwa kwa ajili ya bahasha peke yake.

Kisha mambo mawili yakabadilisha bei ya safari. La kwanza ni bahati nasibu ya viza ya Marekani, iliyotokana na sheria ya 1990. Ghafla mtu aliweza kuondoka bila barua ya chuo, ila alihitaji pesa haraka, kwa sababu tarehe ya mahojiano haisubiri bonasi ya chai. Bonasi hulipwa Oktoba. La pili ni kwamba pareto, iliyokuwa ikilipa karo kwa kizazi kizima, iliporomoka; wakulima walikaa miezi na miaka wakingoja malipo, mwishowe wengi wakaing'oa.

Kikabaki kitu kimoja cha kuuza: shamba.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Ng'ombe akiuzwa, mwingine huzaliwa. Kahawa ikivunwa, msimu unarudi. Shamba likiuzwa halizai lingine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita ya mraba katika kaunti ya Kisii, na zaidi ya 670 Nyamira. Kwenye ardhi iliyobanana hivyo, robo eka iliyouzwa ili kijana apate tiketi na pesa za kuonyesha benki ni robo eka ambayo ndugu zake hawatalima tena. Mtu anaondoka na begi mbili na sehemu ya urithi wa watu wengine.

Sasa linganisha deni hili na lile unalolijua wewe, la HELB. Bodi hiyo iliundwa 1995, na hata ukiichukia, inakwambia ukweli mmoja: salio. Ulikopa kiasi hiki, umelipa kiasi hiki, ukimaliza unapewa cheti. Mchango wa kijijini hauna salio. Majina yalisomwa kwa sauti mbele ya watu, hiyo ndiyo ilikuwa stakabadhi. Hakuna aliyesema utalipa lini, wala kiasi gani, wala kwa nani. Ndiyo maana mtu anayefanya shifti mbili kwenye nyumba ya wazee kule Brooklyn Park, Minnesota, ambako Abagusii wamekuwa wengi kiasi cha kusikia Ekegusii dukani, anaweza kutuma pesa miaka 20 na bado simu ikiita anahisi kwamba hajaanza. Na ndiyo maana wa nyumbani naye haoni aibu kupiga. Kwake yeye si ombaomba. Alitoa mayai.

Kuna wanaosema dawa ni kuacha michango kabisa. Sikubaliani nao. Ni kweli harambee ilichafuka: miaka ya 1980 machifu waliigeuza karibu kuwa kodi, na wanasiasa wakaifanya jukwaa la kuonyeshana mifuko. Lakini bila risaga ya shilingi, ni mtoto wa chifu peke yake angesafiri. Jamii isiyo na benki ilitengeneza ufadhili wake, ukafanya kazi. Kasoro yake haikuwa kutoa. Kasoro ilikuwa kwamba wapokeaji walichaguliwa kwa jinsia, na vitabu vya hesabu havikuwekwa.

Leo mpokeaji amebadilika. Wengi wanaosaka nafasi za uuguzi ng'ambo ni wanawake, na makundi ya WhatsApp yenye picha ya msichana aliyevaa joho na namba ya M-Pesa chini yake yanaanzishwa kila wiki. Ada ya SEVIS peke yake, ile ya mwanafunzi anayekwenda Marekani, ni dola 350, kabla hujagusa ada ya viza wala tiketi. M-Pesa imefanya jambo ambalo mwalimu wa meza ya kitambaa cheupe hakuliweza: kila anayetoa anabaki na rekodi. Jina, saa, kiasi. Kwa mara ya kwanza, aliyetuma shilingi 200 yuko kwenye orodha sawasawa na mheshimiwa.

Nani atazitunza orodha hizo? Karatasi za Tom Mboya ziko Chuo Kikuu cha Stanford, California, zimepangwa kwenye maboksi, na mtafiti akiomba analetewa mezani. Karatasi za sherehe za chai za Kitutu, Nyaribari na Mugirango ziliwashia moto au zililiwa na mchwa. Lakini wenyewe hawajaisha. Msichana aliyeolewa mwaka 1959 akiwa na miaka 17 ana miaka zaidi ya 80 sasa. Wako wanaokaa kwenye jua nje ya nyumba, wakichambua mboga, na hakuna anayewauliza habari za ndege.

Desemba ukienda ocha, muulize mmoja. Usimuulize nani alisafiri, hiyo kila mtu anaijua. Muulize ng'ombe wake walikuwa wangapi, waliuzwa wapi, na huyo kaka aliporudi na digrii, alimletea nini. Andika majibu na tarehe. Kama kaka ndiye babu yako, andika pia.