Stika za Mathree ya Mjomba

Kule Bahati, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu, kuna mathree iliyokufa. Ni Nissan ya namba za KAK. Haina magurudumu ya nyuma, imepumzishwa juu ya mawe, na tangu 2013 kuku ndio makonda wake. Mwaka jana binamu yangu alitangaza kwamba ataifufua. Hataki kubeba abiria. Anataka kung'oa viti, aweke kitanda, jiko la gesi na mtungi wa maji, iwe nyumba ya kusafiria. Ameona vijana wenzake wakizunguka Bogoria, Baringo hadi Samburu na magari ya aina hiyo, kuta za ndani zikiwa zimejaa stika za kila mahali walipolala. Yeye pia anataka ukuta wake wa stika.

"Lakini kwanza tukwangue huu uchafu," akaniambia.

Uchafu wenyewe ulikuwa stika. Dari nzima, juu ya madirisha, nyuma ya kiti cha dereva, mlangoni. Nyingine zilikuwa zimepauka hadi husomi kitu, nyingine zimebandikwa juu ya nyingine mara tatu au nne. Binamu alikuwa na kisu cha rangi mkononi na sufuria ya maji moto kando. Nilimwomba anipe wikendi moja tu. Mimi nilisomea historia, na sijawahi kupata kazi nayo. Nilijiambia hii ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Hyrax Hill haiko mbali na kwetu, kando ya barabara kuu ya Nairobi. Mary Leakey alichimba pale kuanzia 1937, akishuka tabaka kwa tabaka, kutoka kwa watu wa juzi hadi kwa watu wa maelfu ya miaka iliyopita. Shuleni tulipelekwa kule, tukaambiwa kanuni moja: kilicho chini ndicho cha zamani. Basi nami nikaanza kutafuta stika iliyo chini kabisa.

Niliipata kwenye kioo cha nyuma. Ni kiduara kidogo chenye maandishi ya Kijapani. Kama umewahi kupanda gari lililotoka Japani likiwa limetumika, huenda umeiona na hukujua ni nini. Kwa miaka mingi, mtu aliyenunua gari kule alitakiwa kuwathibitishia polisi kwamba ana mahali pa kuliegesha, na hicho kiduara ndicho kilikuwa ushahidi. Tulikielekezea kamera ya simu, tafsiri ikatuonyesha jina la mji: Nagoya. Binamu akanyamaza kidogo. Yeye anataka kukusanya stika za safari, kumbe gari lenyewe lilikuwa na stika ya safari ndefu kuliko zote atakazowahi kwenda. Lilikuwa na mahali pake pa kulala Nagoya kabla ya kuvuka bahari, kushuka Mombasa, kupanda hadi Bonde la Ufa na kuanza kupiga honi stejini Nakuru.

Tabaka la pili ni la maneno. Hapa inabidi turudi nyuma kidogo.

Matatu zilianza kama magari ya magendo. Jina lenyewe linatokana na neno "tatu" la Kigikuyu, kwa sababu nauli ilikuwa sarafu tatu za senti kumi. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba zinaweza kubeba abiria bila leseni ya bodi ya uchukuzi. Kuanzia hapo zikafurika barabarani: pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana, Peugeot za masafa marefu, baadaye Nissan na Hiace. Mwaka 1984 ikaja sheria ya kuzitaka ziwe na leseni, bima na ukaguzi. Lakini ndani ya gari, serikali haikuwa na sauti. Ndani palikuwa pa dereva, konda na abiria wao.

Na watu wa hapa, wakipata mahali patupu, huandika. Wanawake wa pwani walikuwa wakisema kwa kanga muda mrefu kabla ya matatu kuzaliwa. Unavaa jina la kanga, jirani anasoma, ujumbe umefika, na hakuna aliyefungua mdomo. Stika ya matatu ni ndugu mdogo wa jina la kanga. Konda hawezi kugombana na abiria kumi na wanne kila safari, kwa hivyo ukuta unagombana kwa niaba yake. Ndani ya gari la mjomba nilisoma: "Kama una haraka ungetoka jana." "Mkopo kesho." "Mtoto akikalia kiti ni mtu mzima." "Wivu ni sumu, kunywa taratibu." Kando yake, "Yesu ni Jibu," na kando ya Yesu, nembo ya Arsenal. Mjomba anashabikia Manchester United. Arsenal ni ya dereva wake wa zamani, na ugomvi wao ulikuwa mrefu kuliko barabara ya Nyahururu.

Si zote zilinichekesha. Moja, iliyobandikwa juu ya dashibodi, ilisema viti vya mbele ni vya warembo. Nyingine, karibu na mlango, sitairudia hapa. Nilikua nikizisoma. Nilikuwa msichana wa sekondari aliyejifunza kupima urefu wa sketi yake kabla ya kufika stejini, na nilidhani hayo ni mambo ya kawaida ya barabara. Tarehe 17 Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mwenzao kuvuliwa nguo hadharani stejini, na picha zake kusambazwa. Walisema nguo yangu ni chaguo langu. Siku hiyo ndiyo niliikumbuka ile stika ya mlangoni. Haikumvua mtu nguo. Lakini ilikuwa pale miaka yote, kwa herufi nyekundu, ikituambia gari hili ni la nani na sisi tumepandishwa kwa hisani. Nikiwaambia watu tuhifadhi stika hizi, simaanishi zote ni nzuri. Namaanisha zilisema ukweli kuhusu sisi.

Tabaka la tatu lina tarehe, hata kama haikuandikwa. Kuna stika ya bendera, na neno moja tu: Unbwogable. Wimbo wa Gidi Gidi Maji Maji ulitoka 2002, NARC wakaufanya wimbo wao, na Desemba mwaka huo KANU ikatoka madarakani baada ya miaka karibu arobaini. Mjomba anasema miezi ya kwanza ya 2003 ndiyo ilikuwa miezi mizuri zaidi ya maisha yake barabarani. Abiria walikuwa wakimkataza konda kumpa polisi pesa. Mama na kuku zake anainuka kutoka kiti cha nyuma na kumwambia afisa wa polisi, "Hiyo ni Kenya ya zamani." Magazeti ya wakati huo yaliandika visa kama hivyo nchi nzima. Stika hiyo ndiyo imebaki.

Juu yake kabisa, ikiifunika nusu, kuna stika ya serikali hiyo hiyo: mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Hizi ndizo zile kanuni za waziri John Michuki, Tangazo la Kisheria nambari 161 la 2003, zilizoanza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Mikanda kila kiti. Kidhibiti mwendo. Mstari wa manjano ubavuni. Dereva avae buluu, konda avae rangi ya damu ya mzee. Nissan ikashushwa hadi abiria kumi na wanne, hakuna kusimama tena. Siku za kwanza magari yalikuwa machache na Wakenya walitembea. Mjomba alilazimika kuipaka gari lake rangi upya, na jina lililokuwa ubavuni likaenda. Maneno yaliyofukuzwa nje yakaingia ndani. Ndiyo maana stika za baada ya 2004 ni nyingi kuliko za zamani.

Serikali na michoro hazijawahi kuachana wala kuoana. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliruhusu michoro irudi kwenye matatu, akisema ni kazi ya vijana. Novemba 2018 msako ukarudi na kanuni za Michuki zikarudishwa mezani. Wanaotembelea Nairobi siku hizi wanapiga picha mathree zenye michoro kama wapigavyo picha twiga. Profesa Kenda Mutongi aliandika kitabu kizima kuhusu historia ya matatu za Nairobi, kikatoka 2017. Lakini Nairobi ni Nairobi. Gari lililokuwa likipeleka kabeji na wanafunzi kati ya Nakuru na Maili Kumi, nani ataliandikia kitabu?

Jioni ya Jumapili nilifika mahali ambapo hapakuwa na tabaka lolote. Juu ya kiti cha dereva, pale ambapo kila abiria hutazama, kuna mkwaruzo wa urefu wa mkono. Stika ilikwanguliwa kwa nguvu hadi rangi ikatoka na bati likaonekana. Kila kitu kinachoizunguka kimebandikwa kwa uangalifu, lakini hakuna aliyewahi kubandika kitu juu yake. Nikamwita mjomba.

Alikuja na fimbo yake, akainama mlangoni, akatazama. Alikaa kimya kwa muda.

"Hiyo ilikuwa methali ya kwetu," akasema. "Kwa Kigikuyu. Nyanya yako ndiye alinichagulia siku niliponunua gari."

Ilikuwa Januari 2008. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Desemba na nchi ilikuwa inaungua. Wiki za kwanza Nakuru mjini palikuwa na utulivu wa kuogofya, huku waliofukuzwa kwao Bonde la Ufa wakijazana Uwanja wa Afraha na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Halafu mwishoni mwa Januari mji wenyewe ukawaka. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya vijana, wa kila upande, na swali lilikuwa moja: wewe ni wa wapi? Wakati mwingine hawakuuliza. Walisikiliza lafudhi, wakaangalia kitambulisho, wakaangalia gari.

Usiku mmoja mjomba alichukua kisu cha jikoni na tochi, akaingia ndani ya Nissan, akaikwangua methali ya mama yake. Asubuhi alibeba majirani waliokuwa wakihama. Wengine walikuwa wa lugha yake, wengine hawakuwa.

"Sikuikwangua kwa sababu niliionea aibu," akaniambia. "Niliikwangua ili gari lisiwe na kabila."

Tume ya Waki iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa nchi nzima. Mkataba wa amani ulitiwa saini tarehe 28 Februari. Haya yote yamo vitabuni. Ila hakuna ripoti iliyoandika kwamba mtu mmoja wa Bahati alikaa ndani ya gari lake gizani akifuta maneno ya mama yake. Jambo hilo limeandikwa mahali pamoja tu, kwenye bati, na mwandishi alitumia kisu cha kukatia sukuma.

Nikamwambia binamu kwamba dari haiguswi. Nilidhani mjomba ataniunga mkono. Hakuniunga.

"Nyinyi mnapenda vitu vya kale kwa sababu hamkuwa ndani yake," akasema. "Mimi kila nikiingia hapa naona ule usiku. Kijana anataka kulala humu na kuota ndoto nzuri. Mwacheni akwangue."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo silo nalo kamili. Vyuoni tunafundishwa kwamba kumbukumbu ni za kuhifadhiwa. Hatufundishwi cha kufanya pale mwenye kumbukumbu anapotaka kupumzika. Nani ana haki zaidi juu ya mkwaruzo ule: yeye aliyeufanya, au sisi tutakaoishi na siasa zile zile kila baada ya miaka mitano?

Tulikubaliana hivi. Nilipiga picha kila stika, mamia ya picha, nikaandika kila moja ilikuwa wapi na juu ya nini. Binamu alikwangua zilizooza na ile ya mlangoni, kwa furaha yangu. Zilizobaki zimekaa, na kitanda kimeingia chini yake. Mkwaruzo tuliuacha mikononi mwa mjomba mwenyewe. Alikaa na jambo hilo wiki mbili. Kisha akamwambia binamu asiufunike kwa rangi wala stika, lakini aweke pazia pale, ili anayetaka kuona afunue na asiyetaka alale.

Gari lilitoka Bahati Desemba, magurudumu manne, likapanda kuelekea Subukia hadi penye kibao cha ikweta. Binamu alinunua stika pale, ya kwanza katika ukusanyaji wake. Alinipigia simu akiuliza aibandike wapi. Nikamwambia aibandike kioo cha nyuma, karibu na ile ya Nagoya. Akasema ndipo alikuwa ameshaibandika.